Eliya, Usome Ukifika Tunduma

Igamba,
Alhamisi jioni.

Mwanangu Eliya,

Kesho unaondoka. Babu yako amekubali leo alasiri, nami nimekatazwa kukuambia kilichomfanya akubali. Shangazi yako Loida amenikataza kwa kidole, baba yako kwa macho. Wanaogopa kwamba ukiijua sababu utashuka kwenye lori urudi nyumbani. Kwa hiyo nimepatana na baba yako hivi: yeye anakusindikiza mpaka Tunduma, na barua hii iko mfukoni mwake. Atakupa mkishafika mpakani, mizigo yenu ikiwa imeshapakiwa kwenye lori la ng'ambo. Basi kama unaisoma, umefika. Tafuta mahali ukae, usome mpaka mwisho kabla hujafanya lolote. Nakujua.

Sitakuandikia habari za soksi. Mwalimu Zakayo, kiongozi wenu wa skauti, ameshawachosha na habari za soksi, mswaki na maji ya kuchemsha. Mimi nakuandikia kwa sababu nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumamosi ile, na hasira yenyewe haina pa kwenda, maana wote ninaowakasirikia nawapenda.

Nianze na baba yako, kwa kuwa siku hizi kila kitu changu kinaanza na yeye. Sijamaliza hata mwaka katika nyumba hii, na bado nikisikia kengele ya baiskeli yake ikipinda kona ya mibuni, moyo unaruka na ninachoshika kinaanguka. Vikombe viwili vimeshavunjika kwa ajili ya kengele hiyo. Unanicheka. Cheka tu. Mtu aliyenichumbia kwa kuniletea miche ya kahawa kwenye kikapu cha baiskeli, mizizi imefungwa kwa majani ya mgomba, akaniambia, "Maua ya kuchuma yananyauka, haya yatazaa ukiwa kwangu," mtu huyo ningemkataaje? Wasichana wenzangu niliosoma nao sekondari waliolewa na makarani wa mjini. Mimi nilimchagua mjane mwenye shamba na mtoto mrefu kuliko mimi, na nikiamka asubuhi nikimwona amelala nasema, asante Mungu, kumbe ni kweli.

Ndiyo maana sikufikiri vizuri. Kabla ya ndoa aliniambia, "Tusekile, kuna jambo moja. Kwetu mke na baba mkwe hawaonani. Utaweza?" Mimi, na vitabu vyangu vyote, sikuuliza hawaonani vipi, kwa muda gani, na wakionana itakuwaje. Nilijibu, "Kwa ajili yako nitajifunika hata gunia." Akacheka, nami nikacheka, tukaona tumemaliza. Nimejifunza kwamba mtu mwenye furaha nyingi anaitikia mambo kama anayeitikia salamu. Anasema ndiyo, huku akili iko mbali.

Wewe unajua jinsi tunavyoishi. Babu akija kwetu, hukohoa kwa nguvu tangu kwenye mibuni, nami naacha nilichoshika naingia ndani. Nikimwona njiani, nachepuka porini nampa mgongo mpaka apite. Jina lake silitamki; hata kwenye karatasi hii, ambayo hataiona, mkono umekataa kuliandika. Anakula chakula changu na kukisifu, lakini sura yangu haijui. Ni mzee wa kanisa, ila jambo hili kwake halina mjadala. Na mkwe akivunja heshima hiyo, hata kwa bahati mbaya, anarudi kwao. Anakaa huko mpaka mzee atakapotuma mtu, ndipo wazazi wake wamlete upya na kuku na unga, kama siku ya harusi. Huenda mzee akatuma mtu baada ya mwezi. Huenda akangoja mpaka kahawa yote iishe kuchumwa.

Mimi niliona ni sheria ya watu wengine, wale wasiokuwa waangalifu.

Sasa habari ya hema. Ulipochaguliwa kwenda kwenye mkutano wa maskauti wa mataifa huko Rodeshia ya Kaskazini, baba yako alipita Igamba nzima akitangaza. Vijana wa Nyasaland watakuwepo, wa Kenya, wa Uganda, na Wazungu watakaotoka kwao kwa meli. Furaha ilipungua Mwalimu Zakayo aliposema kila kikosi kije na hema lake, na wasio na hema watalala kwenye ghala la shule, mbali na kambi. Nyinyi wa kikosi cha Chui mko wanne na hema hamna. Nakumbuka ulivyorudi ukakaa kwenye kizingiti ukimenya muwa bila kuula. Nikasema nitalishona mimi. Nina cherehani, nina vyeti vya ushonaji, na kitambaa cha marekani kipo dukani.

Nikalishona vizuri. Halafu nikafanya kosa la bibi harusi. Tangu niolewe siwezi kuona kitambaa nikakiacha kilivyo. Nimedarizi foronya, nimedarizi leso za baba yako, nimedarizi hata mfuko wa chumvi. Basi na hema nikalidarizi: neno CHUI upande wa kushoto, na maua mekundu kulizunguka. Ulipoliona ulisema, "Zuri, Mama Mdogo," kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa mguu na mchungaji. Nilijua hukupenda maua. Sikujua kwamba kila tundu la sindano ni mlango wa mvua.

Jumamosi ukalisimamisha nyuma ya vichanja vya kahawa kwa mazoezi. Baba yako alikuwa kwenye chama cha ushirika. Nikaingia ndani, sindano mdomoni, kukaza mshono wa pembeni. Mvua ikaja, ile ya mwisho wa msimu inayopiga migomba kwa kelele. Kikohozi cha Babu sikukisikia. Nilichosikia ni sauti yake, karibu kiasi cha kunyoosha mkono:

"Hili ndilo hema lenyewe?"

Ulikuwa umeshika kamba mlangoni. Ulinitazama. Sitasahau uso wako. Halafu ukaliachia pazia la mlango, ukafunga vifungo vyote, taratibu, kama mtu anayefunga shati kwenda kanisani.

"Ndilo, Babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unalifunga?"

"Linakauka, Babu."

"Linakauka kwenye mvua?"

Ndani nilitaka kucheka na nilitaka kufa. Nikasikia Shangazi Loida akiweka kigoda na kumfungulia mzee mwavuli. Halafu naye akatafuta pa kuegemea. Mgongo wake ukatua juu ya hema, na chini ya hema palikuwa na kichwa changu.

"Gumu," akasema. "Mke wa Lazaro anashona kweli, Baba. Limekaa kama ukuta."

"Anashona," Babu akasema. "Lakini hema halipimwi kwa kushonwa. Mimi nilibeba hema la ofisa kichwani wakati wa vita vya Wajerumani. Tukifika kambini tunalisimamisha kabla yeye hajamaliza kuvua viatu. Eliya! Livunje hilo ulisimamishe upya, nione mikono yako."

Mwanangu, wakati huo maji yalikuwa yanashuka kupitia herufi ya C mpaka shingoni mwangu. Nilikuwa nimejikunja, magoti kifuani, nikisubiri mbingu ifunuke juu yangu. Ukaikaza kamba ya mlangoni. Kisha ukasema:

"Siwezi, Babu."

"Huwezi, au hutaki?"

"Sitaki."

Shangazi akaruka, kichwa changu kikapata hewa. "Eti hataki! Umesikia, Baba? Ndiyo skauti hiyo! Wanawavisha skafu shingoni, masikio yanaziba!"

Babu hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alinyoosha fimbo yake kufungua pazia la mlango mwenyewe. Niliiona ncha yake ikiingia kati ya vifungo. Na wewe ukaishika. Uliishika fimbo ya babu yako kwa mkono wako na kuisukuma kando.

Hapo kila kitu kikasimama, hata mvua niliiona kama imesimama.

"Nina mtoto aliyevukia Tunduma hiyo hiyo," Babu akasema polepole. "Alikwenda migodi ya shaba. Naye alianza na sitaki, hapa hapa uani. Sasa ana watoto huko wasiojua hata salamu yetu. Wewe hujafika mpakani, umeshaikamata fimbo yangu. Huendi."

Wakaondoka. Nikasikia viatu vyao kwenye matope mpaka vikapotea. Ukafungua vifungo. Nikatoka nimelowa, nywele zimelala, wekundu wa nyuzi umenichuruzikia shingoni kama nimechinjwa. Ukanitazama juu mpaka chini, ukasema, "Linavuja upande wa kushoto, Mama Mdogo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope. Halafu nikalia, ukaenda kukata kuni ili usinione.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Siku zote zilizofuata ulikwenda kwa Babu kuomba msamaha. Ulipiga magoti, baba yako ameniambia. Babu akakuuliza swali moja tu: "Kwa nini?" Ukanyamaza. Ukarudi kesho yake, ukapiga magoti, akakuuliza, ukanyamaza. Mwalimu Zakayo akaja kuzungumza, akarudi bure. Vijana wenzako watatu, Yohani na wale wawili, wakaanza kukupita njiani bila kukutazama, kwa sababu usipokwenda wewe, hema haliendi, nao watalala ghalani. Na wewe unakata kuni. Tumejaza kuni, Eliya. Tuna kuni za kutosha mpaka nipate wajukuu.

Nilimwambia baba yako tangu usiku wa kwanza: nitasema. Akanishika mikono yote miwili. Unajua alivyo, sauti yake ya kwaya anavyoishusha akitaka kitu. "Tusekile wangu, subiri. Mzee atapoa. Ukisema utaondoka, nami sijashiba hata kukutazama." Ningeweza kumpinga mtu mwingine yeyote duniani. Nikasubiri. Mzee hakupoa. Kila jioni nikauliza, "Umezungumza naye?" Kila jioni, "Nimezungumza naye." "Umemwambia nini?" "Habari za kahawa." Habari za kahawa! Lori linakaribia, mtoto anaumia, na yeye amezungumza habari za kahawa! Nampenda mpaka naumwa, lakini nilitamani kumpiga na mwiko.

Nawe vilevile. Nani alikuomba? Nauliza kweli, jibu hapo ulipo: nani alikuomba uinunue aibu yangu kwa safari yako? Siku ya Jumanne nilikufuata ghalani nikakuambia, "Eliya, mwambie ukweli." Ukasema, "Nimwambie nini, Mama Mdogo? Mimi nilishika fimbo. Hiyo ndiyo yote." Ukaendelea kusuka kamba. Nilisimama mbele yako kama kichanja. Nyote wawili mlikuwa mmeshapatana, bila hata kuzungumza, kwamba mimi ni yai. Mmoja analifunika kwa mapenzi, mwingine kwa kimya, na yai lenyewe haliulizwi.

Lakini siwezi kukulaumu sana, maana mwanzo wa yote nilinyamaza mimi. Pale ndani ningeweza kukohoa. Kikohozi kimoja tu, Babu angeelewa, angegeuka, angeondoka, na mambo yangeishia hapo kwa kicheko na kuku mmoja. Nilijiambia nanyamaza kwa heshima. Uongo. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kutenganishwa na mume wangu, na nikakuacha wewe, kijana, unijibie.

Nina historia ya kunyamaza. Nilipopelekwa sekondari nilikuwa wa kwanza kutoka kwetu Mbozi Mission. Tulipanda basi la shirika la reli kutoka Mbeya, vumbi mpaka kwenye meno, halafu treni. Nikaonyeshwa kitanda kimetandikwa shuka mbili na blanketi, zimebanwa chini ya godoro. Sikuwa nimewahi kuona kitanda cha namna hiyo. Nikadhani kimetandikwa kwa ajili ya wakaguzi, hakiguswi. Usiku nikalala juu ya blanketi, na kanga yangu tu, na kule kuna baridi ya alfajiri. Nilitetemeka hivyo karibu muhula mzima. Wenzangu walidhani ni desturi ya watu wa kwetu. Walikuwa na heshima, hawakuniuliza. Nami nilikuwa na kiburi, sikuwauliza. Mwishowe nikaugua kifua, na muuguzi alipokuja kunilaza akafunua shuka kama mtu anayefungua kitabu, akaniambia, "Ingia, mtoto." Nililia kwa hasira, Eliya. Blanketi lilikuwa chini yangu siku zote hizo.

Huko uendako utaona vitu vingi usivyovijua. Watakuwa na majiko ya mafuta, taa za namna yake, nyimbo za lugha zao. Uliza. Wakicheka, watacheka mara moja, halafu utakuwa unajua. Na kuna jambo jingine Mwalimu Zakayo alilisema kwa sauti ndogo, akidhani mimi niko jikoni: kwamba mahema ya Waafrika yamepangiwa ng'ambo ya kijito, na ya Wazungu upande wa bendera. Nilichukia, na nachukia hata sasa ninapoandika. Sina la kukushauri hapo ambalo ningelifanya mimi mwenyewe bila kutetemeka. Ila usijifanye hukuona ili wengine wasione haya. Ukiulizwa kambi ilikuwaje, sema ilivyokuwa, na kijito kiwemo.

Basi, leo asubuhi nimechoka. Nilikwenda kwenye kitalu cha kahawa, Shangazi Loida alikuwa anapalilia. Nikapiga magoti kwenye tuta nikamwambia.

"Shangazi, siku ile Eliya alipokataa kuvunja hema, mimi nilikuwa ndani."

Akaacha jembe. "Ndani ya nini?"

"Ndani ya hema."

"Wewe! Ndani! Na Baba amekaa pale na kiko chake?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mimi nilipoegemea?"

"Uliegemea kichwa changu."

Akashika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka akaketi juu ya miche. Halafu kicheko kikakatika ghafla, akanitazama kwa macho ya kuhurumia. "Unajua nikilipeleka neno hili hutalala hapa kesho."

"Najua."

"Umemwambia Lazaro?"

"Lazaro anazungumza habari za kahawa."

Akajifuta udongo mikononi. "Kaka yangu huyo," akasema, "mapenzi yamemgeuza uji." Akaondoka.

Alirudi alasiri. Babu alisikiliza mpaka mwisho, kiko kimezimika mkononi. Aliuliza jambo moja tu: kama ulijua niko ndani ulipoishika fimbo. Shangazi akasema, "Alijua, Baba." Mzee akakung'uta kiko chake. Kisha akasema, "Mtoto aende. Na mkwe wangu aende kwao mpaka nitume mtu." Shangazi anasema aliingia ndani akatoka na blanketi lake mwenyewe, lile la kijivu la jeshi, akasema upewe, kambini kuna baridi. Hilo ndilo blanketi uliloambiwa limetoka kwa Mwalimu Zakayo.

Kwa hiyo kesho, lori likishawapitia, mimi nachukua njia ya Mbozi Mission kwa wazazi wangu. Sijui nitakaa mpaka lini. Baba yako alipopata habari hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi, kofia mikononi, mpaka nikaingiwa na huruma. Halafu akasema atakuja Mission kila Jumapili kwa baiskeli, atakaa benchi la nyuma kanisani na kunitazama shingo, na ibada ikiisha ataniomba ruhusa ya kunisindikiza mpaka kwa mama yangu. "Nitakuchumbia upya," akasema. Umri wake wote ule na mvi mbili kwenye ndevu! Nilimkasirikia wiki nzima, na kwa neno hilo moja nikayeyuka kama mjinga. Sasa yuko nje anafunga mkeka wangu, na anaimba, na anakosea sauti, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Usidhani nimefurahi. Nimechukia. Nachukia kuacha kitanda changu, na vikombe vyangu vilivyobaki, na hiyo kahawa yangu ya kwanza inayotaka kuiva nisipokuwepo. Nachukia kwamba nitaingia kwetu na mkeka kichwani, majirani watoke milangoni: bibi harusi karudi, kafanya nini? Nitawaambia nilikuwa ndani ya hema. Wataulizana hema gani. Nitachoka kueleza. Nachukia hata kwamba sitakuona ukirudi, uniambie mwenyewe, maana huenda ukarudi mimi bado niko kwetu. Pita Mission. Lori linaweza kukushusha njia panda.

Lakini nimechagua mwenyewe, Eliya. Unaona tofauti? Jumamosi ulichagua badala yangu, na ulichagua kwa moyo mzuri, na nilikuwa nasongwa roho. Leo nimefungua mdomo, nimepoteza nilichokuwa naogopa kukipoteza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nimekula nikashiba. Ukipenda mtu siku moja, na utapenda, kwa sababu una moyo wa baba yako, usimlinde kwa kumnyamazia. Muulize. Akisema, "Kaa kimya," kaa. Akisema, "Sema," sema, hata kama utampoteza kwa msimu.

Hema nimelishughulikia. Nimefumua maua yote na herufi zote. Nyuzi nyekundu nimezitia kwenye kapu. Nimelipaka nta ya nyuki ndani na nje na kuipitisha pasi ya mkaa juu yake mpaka ikaingia. Nyumba nzima inanuka mzinga. Jana ulipokuwa shuleni nilimwaga ndoo juu yake nikiwa nimekaa ndani, na halikuvuja. Mkilisimamisha, chimbeni mfereji upande wa juu wa mteremko. Wenzako watataka kuchimba pande zote, wataokoa nguvu wakikusikiliza.

Najua unachofanya sasa. Umesimama. Unatazama nyuma, upande wa Vwawa, unahesabu kama kuna gari la kurudi leo, na kwamba ukimfikia Babu kabla sijaondoka utasema nilidanganya, utasema mimi sikuwemo, utasema lolote. Nitakuwa nimeshaondoka. Neno limeshapelekwa, limeshajibiwa, halirudi. Ukirudi utakuta nyumba haina mimi, Babu atakuuliza kwa nini tena, na Yohani na wenzake wawili watalala ghalani huku mataifa yote yakiimba nje. Hakuna atakayepata kitu. Mimi nimeitoa nyumba yangu kwa ajili ya safari yako, na sitaki safari hiyo irudishwe ikiwa imefungwa kama ilivyokuja. Itumie yote. Lala, imba, kula, gombana na watu wa Nyasaland, iogopeshe mvua.

Baba yako amesimama hapo karibu na wewe, najua, na anajifanya anaangalia magurudumu ya lori. Usimwonyeshe barua, ataisoma na kulia, na mbele ya askari wa mpakani haipendezi.

Ikunje, uitie mfukoni, umuage baba yako vizuri, uvuke.

Mama yako mdogo, anayekukasirikia na kukupenda,
Tusekile